Niliagiza mandola, nikaletewa mandolini ya oktava

Nina ala hii ya nyuzi kwa miezi minane sasa, na siku zinazopita bila kuishika ni chache. Iliuzwa kwa jina la mandola. Naandika ili mwingine asipate usumbufu nilioupata, na pia kwa sababu ala yenyewe nimeipenda.

Kikundi chetu hupiga dansi za jadi za Ayalandi: fidla, filimbi na mandolini. Tulihitaji sauti ya kukaa chini ya hizo tatu. Nikachagua mandola, kwa kuwa katika ukoo wa mandolini ndiyo kama viola kwa fidla: jozi nne za nyuzi zenye noti C, G, D, A, chini ya mandolini, ambayo hutuniwa G, D, A, E kama fidla.

Nilipofungua boksi, shingo ilinishangaza kwa urefu wake. Hata hivyo nikaanza kutuni kama mandola, na nilipokuwa naipandisha jozi nyembamba kuelekea A, uzi ukakatika. Ndipo nikachukua futikamba. Kutoka mwanzo wa shingo, kule juu nyuzi zinakotunishiwa, hadi darajani, yaani kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa ala, nilipata sentimeta 53. Mandolini ina karibu 35, na mandola niliyoitaka hucheza kwenye 42 au 43. Niliyokuwa nayo ni mandolini ya oktava: G, D, A, E zilezile za mandolini, oktava moja chini, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi.

Muuzaji alinijibu kwamba kwao hiyo ndiyo mandola. Nilikasirika, lakini baadaye niligundua kwamba hakunidanganya. Uingereza na Ayalandi wapigaji wengi huiita hivyo, na ile ndogo huiita mandola ya tenor. Wamarekani huiita hiyo ndogo mandola tu. Ninachomlaumu ni tangazo lake: halikutaja urefu wa uzi wala tuni, na hayo mawili yangemaliza utata wote. Nyota moja naipunguza hapo.

Sauti yake ni nzito bila kuwa na giza. Jozi ya G huvuma vizuri chini ya fidla, na nyuzi za kila jozi zikituniwa sawasawa hutoa mng'ao ambao gitaa halina. Wasikilizaji huniuliza kama ni buzuki, ala nyingine ya nyuzi yenye shingo ndefu, na siwashangai, maana kwa macho zinakaribiana sana. Buzuki ya Kigiriki ina mgongo wa bakuli. Mwanamuziki wa Ayalandi Johnny Moynihan aliiingiza katika muziki wa Ayalandi miaka ya 1960, kisha mafundi wakaanza kuitengeneza yenye mgongo bapa. Hiyo ya Ayalandi kwa kawaida ina uzi mrefu kuliko wangu, mara nyingi sentimeta 60 na zaidi, na wengi huituni G, D, A, D ili nyuzi zilizo wazi zivume chini ya wimbo. Isikilizeni Planxty, kundi lililoanza 1972, mpate kusikia buzuki na mandolini zikisukana. Hapo ndipo nilipojifunza kuzitofautisha kwa masikio. Mandoselo, ndugu mkubwa wa ukoo huu, nayo hushuka hadi C ya selo; ukiisikia hutaichanganya na nyingine.

Kuna jambo moja lililonisumbua wiki nzima. Daraja halikugundishwa, linashikwa na mkazo wa nyuzi tu, na lilikuwa limesogea safarini. Kila nilipopeleka vidole juu ya shingo, sauti ilitoka nje ya tuni. Dawa yake ni kupima kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), kisha kuliweka daraja umbali uleule upande wa pili, na kulisogeza kidogo nyuma upande wa nyuzi nene. Usizilegeze nyuzi zote kwa pamoja, daraja litaanguka.

Kwa nyimbo za kasi, vidole vyangu vimelazimika kujifunza upya. Kwenye mandolini kidole kidogo hufika freti ya saba bila shida. Hapa lazima nihamishe mkono mzima. Kwa hiyo nyimbo za mbio nimemwachia mwenye mandolini, nami napiga kodi, yaani noti mbili au tatu kwa pamoja, na mistari ya kujibu. Sauti ya kikundi imejaa sasa. Mandola ya sentimeta 42 bado naitaka, na safari hii nimemwomba muuzaji anitumie picha yenye futikamba juu ya nyuzi kabla sijalipa.