Tovuti ya Bunge la Texas: ifungue ukiwa na Katiba mkononi

Kwa Mswahili aliyenunua nyumba Houston, Fort Worth au Amarillo, swali la kwanza kuhusu serikali ya jimbo huwa fupi: kodi ya jengo imepungua au la, na nani kaamua? Jibu lipo bure kwenye Texas Legislature Online, tovuti rasmi ya Bunge la jimbo katika anwani ya capitol.texas.gov, na kwenye pacha wake, statutes.capitol.texas.gov, penye Katiba na sheria zote za Texas. Kusoma hakuhitaji malipo wala kujisajili. Ni huduma nzuri mno, na mtu anayejali mambo ya jimbo lake hana sababu ya kutegemea habari za WhatsApp wakati nyaraka zenyewe ziko wazi namna hii. Ila imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anaijua ratiba ya Bunge. Haifundishi. Anayeingia bila kujua Katiba inataka nini atasoma neno moja la hatua ya muswada, aondoke na habari potofu.

Kwanza msingi. Kila jimbo la Marekani lina katiba yake mbali na ile ya shirikisho. Aliyekulia Tanzania atalielewa jambo hili haraka kwa sababu Zanzibar nayo ina Katiba yake ya 1984, pamoja na Baraza la Wawakilishi. Katiba ya Texas inayotumika sasa ilipitishwa 1876, ina ibara kuu 17, na imekwisha kurekebishwa zaidi ya mara 500. Walioiandika walikuwa wametoka kwenye serikali waliyoiona ina nguvu kupita kiasi, hivyo walifunga mikono ya kila mwenye madaraka kwa vifungu virefu. Ndiyo maana mambo ambayo kwingine yangewekwa kwenye sheria ya kawaida, hapa yamo ndani ya Katiba, hata viwango vya dola.

Sasa tuingie kwenye tovuti. Sehemu inayotumika zaidi ni ya kutafuta muswada kwa namba, na ndipo wengi hupotea. Kabla ya namba kuna kisanduku cha kuchagua mkutano wa Bunge. Bunge la Texas, lenye wajumbe 150 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 31, hukutana kwa mkutano wa kawaida mara moja tu kila miaka miwili: huanza Jumanne ya pili ya Januari katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, na hauwezi kuzidi siku 140. Baada ya hapo ni gavana peke yake anayeweza kuitisha mkutano maalumu, wa siku zisizozidi 30, na ndiye anayetaja mada zitakazojadiliwa. Kila mkutano huanza namba upya. Kwenye kisanduku, 88(R) ni mkutano wa kawaida wa Bunge la 88, na 88(2) ni mkutano maalumu wa pili wa Bunge hilohilo.

Chukua punguzo la kodi ya shule, yaani sehemu ya kodi ya jengo inayokwenda kwa shule za umma, kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Mwaka 2022 wapiga kura walilipandisha kutoka dola 25,000 hadi 40,000 za thamani ya nyumba zisizotozwa kodi hiyo. Azimio lililolipeleka kwao ni SJR 2 la 87(3); SJR ni azimio la pamoja lililoanzia Seneti, na HJR ni lililoanzia kwa wawakilishi. Mwaka 2023 likafika 100,000 kwa HJR 2 la 88(2). Mwaka 2025 likafika 140,000 kwa SJR 2 la 89(R). Maazimio matatu, yote namba 2. Ukikosea kisanduku cha mkutano utafunguliwa waraka wa jambo jingine kabisa, na hakuna onyo lolote litakalotokea, kwa sababu kwa kompyuta hujakosea. Kwa hiyo andika mkutano na namba pamoja kila unapomtumia mwenzako taarifa. Namba peke yake haina maana.

Mfano huohuo unaonyesha jinsi jimbo linavyofanya kazi. Kiwango cha punguzo kimo katika ibara ya 8, kifungu cha 1-b, kwa tarakimu. Bunge haliwezi kukibadili kwa muswada wa kawaida. Lazima lipitishe azimio la pamoja kwa theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila baraza, yaani kura 100 kwa wawakilishi na 21 kwa maseneta, kisha wananchi wapige kura, na wingi wa kawaida unatosha. Gavana hana nafasi katika njia hiyo: hasaini wala hazuii. Fungua kifungu hicho upande wa Katiba, shuka mpaka mwisho wa maandishi, utaona kwenye mabano tarehe za marekebisho zikifuatana. Mstari huo mdogo ni hazina. Unakuambia kifungu kimeguswa lini, na ukishajua mwaka unajua utafute mkutano gani wa Bunge. (Kwa mwenye nyumba: punguzo halijileti lenyewe. Fomu hupelekwa ofisi ya tathmini ya kaunti yako, na anwani iliyo kwenye leseni au kitambulisho chako cha Texas iwe ya nyumba hiyohiyo.)

Upande wa Katiba una kero moja, vifungu vyenye herufi. Ibara ya 3 ina kifungu cha 49, kisha 49-a kinachomtaka Mdhibiti wa Fedha wa jimbo athibitishe kwamba mapato yatatosha kabla bajeti haijakuwa sheria, 49-b cha ardhi kwa wanajeshi wa zamani, na kuendelea hadi 49-g cha mfuko wa akiba na kupita hapo. Kutafuta kwa neno moja kama "fund" huleta rundo la majibu. Pakua ibara nzima kwa PDF, utafute humo ndani.

Turudi kwenye muswada. Ukurasa wake una vichupo kadhaa, na cha kwanza, History, kinaonyesha tukio la karibuni na mtiririko wa matukio. Maneno yake ni ya kiofisi na ndiyo yanayozua uvumi mwingi kuliko kitu kingine chochote. "Left pending in committee" haimaanishi muswada umetupwa. Kamati imeusikiliza na haijaupigia kura, na mara nyingi kamati za wawakilishi hazipigi kura siku ileile ya kusikiliza mashahidi. "Laid on the table subject to call" inasikika kama kifo. Mara nyingi maana yake ni kwamba muswada pacha kutoka Seneti umechukua nafasi yake na unaendelea kwa namba nyingine, kwa hiyo fungua kichupo cha Companions kabla hujatangaza msiba. "Filed without the Governor's signature" ni sheria kamili: gavana ana siku 10 za kusaini au kupiga kura ya turufu Bunge likiwa linakutana, Jumapili hazihesabiwi, na siku 20 Bunge likishafunga, akikaa kimya, muswada unakuwa sheria bila saini yake.

Ya hatari zaidi ni "Filed with the Secretary of State" kwenye azimio la kurekebisha Katiba. Watu huiona na kusambaza kwamba Katiba imebadilika. Bado. Azimio limefika tu kwa Katibu wa Jimbo, ofisi itakayoandaa karatasi ya kura, na kauli ya mwisho ni ya wapiga kura. Mwaka 2023 Bunge lilipeleka mapendekezo 14. Wananchi walikubali 13 na kukataa moja, lile la kupandisha umri wa lazima wa majaji kustaafu kutoka 75 hadi 79.

Kichupo cha Text ndicho moyo wa huduma hii. Kinaweka kila toleo la muswada kwa mpangilio: ulivyowasilishwa, ulivyotoka kamati ya baraza la kwanza, ulivyopitishwa huko, ulivyotoka kamati ya baraza la pili, na toleo la mwisho lililokwenda kwa gavana. Kando ya matoleo kuna uchambuzi wa muswada, taarifa ya gharama kwa serikali na orodha ya mashahidi. Maneno mapya hupigiwa mstari chini, yanayofutwa huwekwa ndani ya mabano ya mraba na kukatwa. Makosa ya wasomaji hapa yanafanana: wanasoma toleo la kwanza na kubishana nalo miezi mitatu, wakati kamati imekwisha kulibadili lote kwa toleo mbadala lenye namba ileile. Soma toleo la chini kabisa kwenye orodha. Kisha soma ukurasa wa mwisho wa toleo hilo, ambako siku ya kuanza kutumika imeandikwa. Kwa Katiba, sheria huanza siku 90 baada ya Bunge kufunga, isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wa kila baraza wapige kura ianze mapema. Sheria nyingi hutaja zenyewe Septemba 1.

Kuna kasoro katika kura. Ukurasa wa matukio unatoa namba ya kura na ukurasa wa kumbukumbu za kikao, lakini majina ya waliokubali na kukataa yako kwenye PDF ya siku nzima. Lazima uifungue na kuitafuta namba hiyo. Afadhali Katiba ilirekebishwa 2007 ili kura ya mwisho ya muswada irekodiwe kwa jina. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho mambo mengi bado huamuliwa kwa sauti, na hapo hutampata mjumbe wako.

Tovuti pia haikuonyeshi serikali nzima. Texas imegawa mamlaka ya utendaji: Naibu Gavana anachaguliwa peke yake na ndiye anayeongoza Seneti, Mwanasheria Mkuu, Mdhibiti wa Fedha, kamishna wa ardhi na kamishna wa kilimo nao wanachaguliwa na wananchi. Gavana hawezi kuwafukuza. Kanuni zinazotungwa na idara ziko kwenye tovuti nyingine, ya Katibu wa Jimbo. Kesi ziko mahakamani, na huko juu kuna mahakama mbili za mwisho, ya madai na ya jinai, kila moja ikiwa na majaji tisa wanaochaguliwa kwa kura. Maamuzi ya kaunti, nazo ziko 254, hutayapata hapa hata kidogo. Mkenya aliyezoea gavana wa kaunti ajue kwamba hapa mkuu wa kaunti huitwa "county judge", na anakaa na makamishna wanne kupanga bajeti na barabara.

Fungua akaunti ya bure ya MyTLO kwenye tovuti hiyohiyo ya Bunge. Unatengeneza orodha ya miswada yako, na inaposogea unaletewa barua pepe. Bila hiyo ni vigumu kuambatana na kasi ya Bunge: mwaka 2023 mkutano wa kawaida ulipokea zaidi ya miswada 8,000. Miswada ya kawaida huwasilishwa ndani ya siku 60 za mwanzo, baada ya hapo inahitaji kibali cha wajumbe wanne kwa kila watano. Kisha mlango unajifunga polepole: siku ya 122 ni ya mwisho kwa miswada ya wawakilishi kusomwa mara ya pili kwenye baraza lao. Muswada wao ambao haujatolewa na kamati ya ratiba, ile inayopanga miswada ya kujadiliwa, kufikia hapo umekwisha, ingawa ukurasa wake utaendelea kuonyesha tu tukio lake la mwisho bila neno lolote la kufariki.

Arifa muhimu kuliko zote ni ya vikao vya kamati. Katika mkutano wa kawaida, kamati ya wawakilishi hutoa tangazo siku tano kabla ya kusikiliza wananchi. Ya Seneti inaweza kutoa saa 24 tu. Shahidi hujiandikisha akitaja kama anaunga mkono, anapinga au anatoa maelezo tu, na kwa kawaida hupewa dakika mbili au tatu. Kwa kamati za wawakilishi, mkazi wa Texas anaweza pia kutuma maoni kwa maandishi mtandaoni. Kwa Seneti panga safari: kutoka El Paso hadi Austin ni zaidi ya kilomita 900, na tangazo la saa 24 halimsubiri anayeangalia barua pepe mara moja kwa wiki.