ZFS kwenye diski pacha: uzoefu wangu baada ya picha za wateja kuanza kuharibika

Nimehama kutoka mdadm, programu ya Linux ya kuunganisha diski, kwenda ZFS, mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe, na sina mpango wa kurudi. Ila soma na malalamiko yangu kabla hujaifuata, maana yapo.

Natunza seva ya studio ya picha hapa Majengo, Dodoma. Ni harusi, send-off, kipaimara, na mahafali ya UDOM yakifika hapalaliki. Seva ilikuwa na diski mbili pacha chini ya mdadm, ile RAID1 ya kawaida ya Linux: kila kinachoandikwa kinaenda kote kuwili, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Kwa diski iliyokufa kweli, mpangilio huo hauna kasoro. Balaa ni diski iliyo hai inayokurudishia data ya uongo huku ikisema mambo ni shwari.

Mama mmoja alituletea albamu yake. "Mwanangu, mbona bibi harusi ana mstari wa kijani usoni?" Kijana wa kuchapisha akafungua faili lilelile: safi. Baadaye akalifungua tena, mstari huo hapo. Ofisini wakalaumu kirusi, wakalaumu printa, wakalaumu umeme. Mimi nikapiga sha256sum, amri inayokokotoa alama ya kipekee ya faili, nikasafisha kashe ya kumbukumbu ili lisomwe upya kutoka diskini, nikapiga tena. Majibu mawili tofauti kwa faili ambalo hakuna aliyeligusa! Nikaiacha memtest86+, programu ya kupima RAM, ikakesha. RAM ikaonekana nzima.

Ukijua RAID1 inavyosoma, fumbo hilo linafunguka. Linux huchagua diski moja ya kusomea, hailinganishi na mwenzake. Leo unapewa nakala nzima, kesho mbovu. Nikaandika "check" kwenye sync_action, faili la kuiamuru RAID ilinganishe diski zote mbili, na ilipomaliza, mismatch_cnt, hesabu ya sehemu zisizolingana, ilikuwa na maelfu. Namba ndogo pale si lazima ikutishe, hasa kama swap, eneo la diski linalosaidia RAM, nayo imekaa juu ya RAID1, lakini swap yetu haikuwa hapo.

Kuna na "repair", na hiyo ndiyo naomba usiikimbilie. Kwenye RAID1 inachukua nakala moja na kuifutia nyingine, bila kujua ipi ni sahihi. Ni kama baraza la kata ambalo mashahidi wawili wamepingana, mwenyekiti akamwamini aliyewahi kiti cha mbele. Nikazitenganisha diski, nikafungua kila moja kwa kusoma tu, mfumo wa faili wa ext4 nikaupa chaguo la noload usije ukaanza kurudia jarida lake la mabadiliko na kuandika diskini, kisha nikalinganisha na picha zilizosalia kwenye kadi za kamera. Mbovu zote zilitoka diski ya pili. SMART yake, yaani ripoti ya diski kuhusu afya yake? Safi kama maji.

Nikahamisha picha nzima mahali pengine, nikaunda upya kwa ZFS, diski zilezile. Huku kila kipande cha data kina cheksamu, nambari inayokokotolewa kutokana na data yenyewe, na haihifadhiwi pembeni ya kipande hicho bali kwenye kile kinachokielekeza. Kikisomwa kinahakikiwa, kikikataa, ZFS inachukua nakala ya pacha, inakupa, na inaandika upya pale palipoharibika. Haikupita muda safu ya CKSUM (makosa ya cheksamu) kwenye zpool status, amri inayoonyesha hali ya diski, ikaanza kupanda kwa diski ya pili peke yake, na picha zinafunguka bila tatizo. Nikabadilishana matundu ya kebo. Makosa yakahamia diski ya kwanza! Basi mkosaji si diski, ni kile kikadi cha bei poa cha kuongeza matundu ya SATA. Nikakitoa, nikafuta hesabu kwa zpool clear, nikahakiki data yote kwa zpool scrub, makosa sifuri. Kwa mdadm ningenunua diski mpya na ugonjwa ungebaki palepale.

Sasa malalamiko. ZFS inapenda RAM. Kwenye mashine ndogo utalazimika kuifunga breki kwa zfs_arc_max, kikomo cha kashe yake. Leseni yake ya CDDL inaiweka nje ya keneli (kiini) ya Linux, kwa hiyo kwenye Debian yetu kila keneli mpya inajenga moduli ya ZFS upya, na hilo linakera siku ambayo bando limeisha katikati ya kupakua. Ashift, mpangilio wa ukubwa wa sekta za diski, ukiikosea wakati wa kuunda, hairekebishiki. Nayo si malaika: mwishoni mwa 2023 OpenZFS ilitoa matoleo ya 2.2.2 na 2.1.14 kurekebisha hitilafu iliyoweza kuacha sifuri ndani ya faili lililonakiliwa, na scrub isingeiona, kwa sababu cheksamu ilikokotolewa juu ya data iliyokwisha haribika. Nakala za nje bado tunapeleka nyumbani kwa bosi, Kisasa.

Mwenye mashine dhaifu anaweza kubaki na mdadm akaweka dm-integrity, tabaka la Linux linaloongeza cheksamu, chini yake, ipo tangu keneli 4.12. Kipande kikikataa uhakiki, md, sehemu ya keneli inayoendesha RAID hiyo, inakiona kama kosa la kusoma na kwenda kwa pacha. Kuandika kunakuwa kuzito, ila unalala.

Kikadi kingine sijanunua. Diski zote mbili ziko kwenye ubao mama, na aliyehamishwa kuzipisha ni kichomea DVD, ambacho wateja wa send-off bado wanakiulizia.