Tahadhari: Seti za taa za nyumba za wanasesere zenye adapta isiyotenganisha umeme

Ninaandika kuwatahadharisha wazazi, walimu wa shule za awali, wanafunzi wa usanifu majengo wanaotengeneza modeli, na mafundi wenzangu, kuhusu muuzaji anayetangaza mitandaoni seti za taa za volti 12 za kufunga ndani ya nyumba za wanasesere. Adapta iliyomo ndani ya seti hizo haitenganishi umeme wa soketi na nyaya zinazoingia ndani ya nyumba ya mtoto, na kwa sababu hiyo nyaya ambazo mnunuzi ameambiwa ni za volti 12 zinaweza kumpiga mtu kwa umeme wa volti 230. Kama unayo seti inayofanana na nitakayoieleza hapa, zima swichi ya soketi na uichomoe kwanza, kisha uendelee kusoma.

Sitaji jina la ukurasa wa muuzaji huyo kwa kuwa ameshalibadilisha, na namba anayopokelea malipo nayo si ile ya awali. Jina nikilitaja leo, msomaji wa kesho atakutana na ukurasa wenye jina jingine na kudhani yuko salama. Bidhaa yenyewe ndiyo haibadiliki, na ndiyo ninayotaka muitambue. Inakuja katika sanduku jeupe la karatasi ngumu lisilo na jina wala anwani ya mtengenezaji. Ndani mna taa ndogo kumi na mbili za LED, msokoto wa utepe wa rangi ya shaba wenye gundi upande mmoja, pakiti ya misumari midogo, swichi moja, na adapta nyeusi iliyoungana na plagi yake ya pini tatu. Lebo ya adapta inasema inatoa volti 12 na ampia 2, na imechapwa alama ya CE, ambayo ni dai la mtengenezaji kwamba bidhaa inakidhi masharti ya Ulaya, pamoja na ile alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, ambayo kwa kawaida humaanisha kifaa kimekingwa mara mbili.

Mimi hufunga taa kwenye nyumba za wanasesere na modeli za majengo, na seti hii ililetwa kwangu na mzazi ambaye binti yake alikuwa akilalamika kwamba kinara cha chuma cha sebuleni kwa mwanasesere "kinang'ata". Mzazi alikuwa amemwita fundi wa umeme, ambaye alipima kati ya nyaya mbili zinazotoka kwenye adapta, akasoma volti 12, akasema mtoto anadeka. Simlaumu fundi huyo kwa alichokisoma, maana kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuuonyesha ubovu huu. Hatari haiko kati ya waya mmoja wa volti 12 na mwenzake. Iko kati ya waya wowote katika hizo mbili na sakafu ambayo mtoto amekaa peku.

Nilipoifungua adapta hiyo sikukuta transfoma ya aina yoyote, wala ile nzito yenye chuma na koili mbili, wala ile ndogo iliyofungwa tepu ya manjano ambayo huonekana ndani ya chaja za kisasa. Nilikuta kapasita moja iliyokaa kwenye njia ya umeme ili kupunguza mkondo, diodi nne (vijisehemu vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), diodi ya zena ya kushikilia volti 12, kapasita ya pili ya kulainisha umeme, na hakuna kingine. Mpangilio huo mafundi wanaujua, na una mahali pake: hutumika ndani ya balbu za LED za bei nafuu, ambamo kila sehemu yenye umeme imefunikwa na ganda na hakuna mkono unaoifikia. Kuutumia kulisha utepe wa rangi ya shaba uliobandikwa wazi kwenye kuta za nyumba ya kuchezea ni uhalifu, na sioni namna mtu aliyeutengeneza au anayeuuza akijua kilichomo anavyoweza kujitetea. Katika transfoma halisi, umeme wa soketi huishia kwenye koili ya kwanza, na koili ya pili haina muunganiko wowote wa waya na ya kwanza. Nguvu huvuka kwa usumaku tu. Katika adapta hii hakuna pengo lolote. Pini moja ya plagi imeunganika na nyaya za taa kupitia diodi pekee, na plagi au soketi ikiwa imefungwa kinyume, kama inavyotokea mara nyingi katika nyumba zetu, pini hiyo ndiyo inayokuwa laini, yaani ile yenye umeme wa volti 230.

Ziko dalili ambazo mtu asiye fundi anaweza kuziona. Kapasita niliyoikuta ni ya mikrofaradi 1, na kwa umeme wetu wa volti 230 na hezi 50 kapasita hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya takriban miliampia 72. Taa ndogo ya LED hutaka kama miliampia 20 ili ing'ae vizuri, kwa hiyo adapta inayojitangaza kuwa ya ampia 2 kwa kweli inatosha taa tatu. Ndiyo maana kwenye seti hizi taa mbili tatu za kwanza huwaka vizuri, na kadiri unavyoongeza nyingine zote hufifia kwa pamoja. Muuzaji akiulizwa hujibu kwamba utepe haujabandikwa sawasawa. Msikubali jibu hilo, wala msiendelee kukandamiza utepe kwa vidole wakati adapta ipo kwenye soketi.

Wepesi wa adapta peke yake si ushahidi, kwa sababu adapta nzuri za kisasa nazo ni nyepesi. Angalieni plagi. Kwenye plagi ya pini tatu za mraba iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni, pini mbili za chini zimevishwa plastiki nyeusi karibu na shina ili kidole kisiguse chuma wakati plagi imetoka nusu, na pini ya juu ya ethi, yaani ya waya wa ardhini, ikiwa ni ya chuma, haivishwi. Kwenye seti hii ni pini ya ethi iliyovishwa, na zile mbili za umeme ziko wazi hadi shinani. Aliyeitengeneza amenakili sura bila kujua sababu yake.

Kwa fundi mwenye mita ya umeme, kipimo ninachokiamini hufanywa adapta ikiwa imechomolewa na imekaa kwa muda. Weka mita kwenye alama ya diodi, gusisha ncha moja kwenye pini ya plagi na ncha ya pili kwenye waya wa kutokea, subiri namba itulie, kisha geuza ncha, na urudie kwa kila pini na kila waya. Adapta iliyotenganishwa haionyeshi njia yoyote kwa mkao wowote. Ukiona namba inayokaribia 0.6, au mita ikilia, umeshapata njia ya moja kwa moja kutoka kwenye soketi hadi kwenye kitanda cha mwanasesere, na adapta hiyo haifai kurudishwa kwenye umeme hata kwa majaribio. Adapta isiyoonyesha namba bado yaweza kuwa na kasoro nyingine za ndani, lakini yenye kuonyesha haina utetezi. Sipendekezi kupima kati ya waya wa kutokea na ethi huku adapta ikiwa inafanya kazi, kwa sababu hata adapta salama huweza kuonyesha makumi ya volti kwenye mita nyeti, na kipimo hicho kinamhatarisha asiyezoea.

Muuzaji huyuhuyu huuza pia transfoma kuukuu anazosema ni "orijino kutoka Marekani". Hizi ni transfoma halisi, na baadhi ni nzuri sana huko zilikotoka, ila zimeandikwa volti 120 na hezi 60. Yeye huweka kichwa cha kubadilishia pini na kumwambia mteja kuwa kazi imekwisha, wakati kichwa hicho kinabadilisha umbo la plagi tu na hakigusi volti. Kwenye umeme wetu transfoma hiyo hutoa karibu volti 23 badala ya 12, taa huungua, na chuma chake hushindwa kuuhimili usumaku, kikapata joto linaloweza kuyeyusha ganda. Someni maandishi ya upande wa kuingilia kabla ya kulipa: yanatakiwa yataje 230 au 240, au masafa mapana ya volti 100 hadi 240.

Kuhusu taa zenyewe nitasema machache. LED nyeupe huhitaji kama volti 3, na ili iwake kwa volti 12 lazima iwe na rezista (kijisehemu cha kuzuia mkondo) mfululizo, kwa kawaida ya omu 470, ambayo kwenye taa nzuri hufichwa kwenye waya ndani ya mpira mwembamba. Taa za seti hii hazina rezista kabisa, na zinadumu kwa sababu tu adapta mbovu haina mkondo wa kuziunguza. Mnunuzi akibadilisha adapta na kuweka nzuri, taa zote hufa papo hapo, naye muuzaji hupata kisingizio cha kudai kwamba adapta yake ndiyo iliyokuwa sahihi. Utepe nao si shaba bali alumini iliyopakwa rangi, na risasi ya kulehemu haishiki juu yake. Ukwaruze kwa wembe, utaona weupe.

Walioomba kurudishiwa fedha, kwa ninavyojua, wamepelekewa badala yake visanduku vya betri bapa za CR2032, kwa maelezo kwamba betri haina hatari. Hapa niseme kwa uzito wote. Visanduku hivyo havina skrubu, hufunguka kwa kucha, na betri ya milimita 20 ikimezwa na mtoto na kukwama kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 inayotaka sehemu za betri za aina hii zifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuifungua, na sheria hiyo ilikuja baada ya watoto kufa. Kisanduku kisicho na skrubu kisiingie chumba cha mtoto. Kama mtoto amemeza betri hiyo au mna shaka kwamba ameimeza, mpelekeni hospitali mara moja bila kusubiri dalili na bila kumtapisha.

Mwenendo wa muuzaji unafuata njia ileile kila mara. Video anayoituma inaonyesha nyumba ya ghorofa yenye taa zinazong'aa kila chumba, lakini ukiitazama vizuri waya unaotoka nyuma ni mnene kuliko ule wa kwenye sanduku, na adapta haionekani kamwe. Hudai malipo yote kabla ya kutuma, hutoa "udhamini wa mwaka mmoja" kwa maneno tu, na hukataa kupiga picha lebo ya adapta kwa karibu. Bidhaa ikilalamikiwa, hujibu kuwa udhamini umekufa pale mteja alipounganisha mwenyewe, jambo ambalo ndilo seti ilinunuliwa kwa ajili yake. Mteja akisisitiza, anazuiwa asiweze kuandika tena.

Anayetaka kufunga taa kwa usalama hahitaji seti ya mtu huyu. Anunue kwenye duka linalotoa risiti adapta ya volti 12 za mkondo mnyoofu (DC), ampia 1, ya aina inayotumika kwa kamera za ulinzi au ruta, aipime kama nilivyoeleza, kisha aweke fyuzi ya ampia 1 mwanzoni mwa nyaya zinazoingia kwenye nyumba. Ampia 1 ni wati 12, zinazotosha taa nyingi za LED kuliko vyumba vya nyumba ya kawaida ya kipimo cha 1:12. Adapta kubwa za mikanda ya LED, za ampia 5 na kuendelea, hazifai bila fyuzi, kwa sababu tepe mbili zikigusana zitapata moto kabla adapta haijajizima. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu vifaa vya kuchezea yameweka ukomo wa volti 24, na volti 12 ziko ndani ya ukomo huo. Lakini ukomo huo una maana pale tu ambapo volti hizo zimetenganishwa kweli na soketi.

Waliokwisha kununua wahifadhi sanduku, ujumbe wa malipo na mazungumzo yote, na wasiyafute hata kama wamezuiwa. Tanzania malalamiko yanapelekwa Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani; Kenya yanapelekwa Shirika la Viwango na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi; na kwa fedha zilizolipwa kwa simu, mtoa huduma aarifiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa kadiri muda unavyopita ndivyo fedha zinavyotolewa. Adapta yenyewe ifungeni kwenye mfuko na kuiweka juu mbali na watoto hadi malalamiko yapokelewe. Baada ya hapo, ikiwa imechomolewa, kateni waya wake karibu na ganda na mzing'oe au mzikunje pini zake kwa koleo kabla ya kuitupa, ili atakayeiokota jalalani asiifunge tena na kuiuza.