Kola ya ngozi kwa fundi viatu wa Mlango Mmoja

Kama uko Mwanza na kola za dukani hazimkai mbwa wako, mpeleke kwa fundi viatu. Mimi nimeshonewa Mlango Mmoja kwa sh. 12,000, na hii ndiyo kola ya kwanza kumkaa Simba vizuri.

Kilichonifurahisha zaidi ni kipimo. Simba ni mbwa wa kienyeji, shingo nene, kichwa chembamba. Kola ikilegea kidogo tu, anarudi kinyumenyume, analaza masikio, ameshatoka. Fundi alizungusha futi ya kushonea katikati ya shingo, akapata sentimita 41. Kisha akaingiza vidole viwili kati ya futi na shingo, akasoma upya, akatoboa tundu la kati hapo. Akapima na kichwa, usawa wa masikio, ahakikishe kola ikishafungwa haipiti. Matundu aliyaweka karibukaribu, na hapo ndipo ninapompa sifa zote, maana za dukani matundu yameachana mno: hili linakaba, linalofuata linapwaya. Upana ni sentimita 2.5, kwa hiyo hata akivuta haimkati shingo.

Tatizo ni maji. Tukishuka ziwani upande wa Bwiru, Simba haambiliki, anaingia. Ngozi ikilowa inalegea, ikianikwa juani inakakamaa kabisa. Siku hizi namvua kwanza, na ikilowa kwa bahati mbaya naikausha kivulini na kuipaka mafuta ya nazi. Mbwa anayeshinda mwaloni na wavuvi bora avae nailoni, inakauka upesi. Ila hiyo nayo huteleza pale inaporekebishiwa, ikaongezeka urefu taratibu bila wewe kujua, basi ipime kwa vidole mara kwa mara.

Mtoto wa mbwa usimshonee ngozi bado. Mnunulie nailoni ya bei rahisi na umkague shingo kila wiki, tafadhali sana. Mtaani kwetu niliona mmoja kola imezama kwenye nyama, kidonda kina funza, na mwenyewe alikuwa anampa chakula kila siku. Manyoya yalikuwa yamefunika kila kitu. Ile picha inaniuma mpaka leo.

Ukienda kwa fundi nenda asubuhi, pamejaa watu baadaye. Kama mbwa wako haguswi na mgeni, mpime nyumbani kwa uzi, shingo na kichwa, ufunge fundo kwenye kila kipimo, umpelekee fundi uzi huo.