Seti ya pistoni za Massey Ferguson 135: ya kwanza niliirudisha, ya pili inalima

Trekta yetu ni Massey Ferguson 135 ya mwaka 1969, ile yenye injini ya Perkins AD3.152 ya silinda 3. Marehemu baba aliinunua ikiwa imeshatumika, na hadi leo ndiyo inayolima shamba letu hapa Njoro na ya majirani wanne. Msimu uliopita ilianza kunywa oili, karibu lita moja kwa siku ya kulima, na bomba la pumzi ya injini likawa linafuka kama jiko la kuni mbichi. Asubuhi haikuwaka mpaka iteremshwe mlimani. Nikakubali ifunguliwe.

Seti ya kwanza niliinunua mjini Nakuru kwa shilingi 14,500. Boksi jeupe, halina namba ya spea. Fundi wangu ni mzee aliyezeekea kwenye matrekta, na hakuifunga. Alipanga pistoni mpya na kuukuu mezani, akaniita: "Mwalimu, njoo uone kwa macho yako." Kichwani mwa pistoni za injini hii kuna kibakuli, na dizeli hunyunyizwa moja kwa moja humo. Kibakuli cha pistoni kuukuu kilikuwa kirefu, mdomo mwembamba. Cha mpya kilikuwa kipana na kifupi. Hizo zilikuwa za injini nyingine, hata kama upana ulikaribiana. Tukazipima kwa mizani: kati ya nyepesi na nzito kulikuwa na tofauti ya gramu 11. Dukani walikataa kunirudishia pesa, wakanipa filta na oili za thamani hiyo. Iliniuma sana.

Seti ninayoisifu hapa nimeitoa duka jingine, shilingi 26,000: pistoni 3, laina 3 (mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), ringi (pete zinazoizunguka pistoni), pini na vibanio vyake. Muuzaji hakutaja bei kabla ya kuniuliza namba iliyopigwa kwenye bloki, yaani mwili wa injini. Kwangu hiyo peke yake ilitosha kunifanya nikae nisikilize. Kila pistoni ilikuwa imefungwa kwa karatasi yenye mafuta, na kichwani kuna alama ya upande unaotazama mbele. Uzito ulitofautiana kwa gramu 2 tu.

Laina za injini hii ni kavu, yaani hazigusi maji ya kupoza. Zinakaa ndani ya bloki yenyewe. Ni nyembamba, na ukizigonga kwa nyundo umeziharibu. Tulipeleka bloki kwa wenye mashine ya kusukuma, wakatoa kuukuu na kuingiza mpya kwa shilingi 3,000. Baada ya hapo fundi alipima kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili, kuona kama imebaki duara. Zilikuwa sawa, milimita 91.4 na unywele kidogo.

Ringi ndizo zilizotupotezea siku. Fundi aliingiza kila ringi peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae bila kuinama, kisha akapima mwanya wa ncha zake kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mbili zilikuwa na milimita 0.20. Ringi ikipata moto hurefuka; ncha zikigusana inakwaruza laina au inakatika. Alizisugua kwa tupa laini, taratibu, mpaka 0.35. Karatasi ya maelekezo haikutaja jambo hilo hata kidogo, na herufi zake ni ndogo kiasi kwamba nilizisoma kwa miwani mbili. Kwa sababu hiyo nimewanyima nyota moja. Mtu mwenye haraka angezifunga hivyo hivyo.

Kazi iliyobaki ilikwenda vizuri. Nilipasha maji kwenye sufuria, ya uvuguvugu tu, tukazamisha pistoni, na pini ikateleza kwa kidole gumba bila kugongwa. Miwanya ya ringi ikatawanywa isipangane mstari mmoja. Pistoni zilipofika juu kabisa, fundi aliweka geji ya saa, kipimo chenye mshale, juu ya bloki: zote 3 zilichomoza ndani ya kipimo cha kitabu, hatukuhitaji kuzichonga kwa leithi, mashine ya kuchongea chuma. Nilimwona akitabasamu, na yeye si mtu wa kutabasamu kazini.

Tukatoa hewa kwenye dizeli, ikawaka kwa mzunguko wa pili. Hatukuiacha iungurume bure. Siku hiyo hiyo ilivuta tela lenye mzigo wa wastani. Bolti za hedi zilikazwa upya ikishapoa, na oili ya kwanza tuliimwaga mapema, ikiwa na unga wa chuma unaong'aa. Sasa imefanya saa 60 za plau na haijapungua hata robo lita.

Nyota 4 kati ya 5. Kipande cha boksi chenye namba ya spea nimekibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la spana, karibu na mwandiko wa baba wa tarehe za oili.