DAP kwa nyasi za mbegu: mbolea nzuri, shida ni mkono mzito

Ulizia mbolea ya kupandia nyasi za uwanja kwenye agroveti yoyote Kenya, au duka la pembejeo Tanzania, na karibu kila mara utapewa DAP. Muuzaji hajakosea. Namba zake ni 18-46-0, maana yake naitrojeni asilimia 18, fosfati 46, potashi hakuna. Mche wa nyasi unaotoka kwenye mbegu ndogo kama ya bermuda hauna akiba, na fosforasi, ile iliyomo kwenye fosfati, haitembei udongoni, kwa hiyo sharti iwepo pale pale mizizi itakapopita. Vifurushi vidogo vya mbolea vyenye picha ya uwanja wa kijani tunavipima kwa namba hizo hizo. Namba ya katikati ikiwa sifuri au ndogo, hiyo ni mbolea ya nyasi zilizokwisha kushika, hata kama bei yake ni mara tatu ya DAP.

Kasoro ya DAP ni ukali. Punje ikiyeyuka hutoa amonia, na mbegu iliyolala juu yake huungua kabla ya kuota. Ndiyo maana uwanja huota kwa mabaka: palipomwagika konzi nzima pamebaki kipara, pembeni yake nyasi zimejaa. Watu hulaumu mbegu.

Kipimo ni kilo 1 kwa mita 100 za mraba, au gramu 10 kwa mita moja. Kama huna mizani, kisoda (kifuniko cha chupa ya soda) kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 5, basi visoda viwili kwa kila mita ya mraba. Zikishamwagwa, punje huonekana chache mno, na hapo ndipo mkono huwasha kuongeza. Usiongeze. Mfuko wa kilo 50 ungetosha karibu mita 5,000, kwa hiyo mwenye uwanja wa nyumbani hununua ya kupimiwa, na ya kupimiwa ndiyo rahisi kuchakachua.

Kabla ya kulipa, omba punje chache, zisage pamoja na chokaa kidogo, tia tone la maji, unuse. DAP halisi hutoa harufu kali ya amonia inayochoma pua. Kipimo hiki huthibitisha kuwa amonia imo, hakithibitishi kiasi cha fosfati, lakini changarawe iliyopakwa rangi huitambua mara moja. Rangi yenyewe isikubabaishe: DAP huja ya kahawia, ya kijivu na nyeusi, na maneno ya kwamba nyeusi ina nguvu zaidi ni ya dukani tu. Mfuko ulioshikamana kuwa mabonge umeingia unyevu. Bado hufaa, ila uvunje vizuri, maana bonge moja ni baka moja.

Lima sentimita 10 hadi 15, vunja madongo, sawazisha. Gawa mbolea mafungu mawili: moja ulimwage ukienda kwa urefu, la pili kwa upana, kisha ufukie kwa reki hadi sentimita 5 hivi. Mwagilia. Mbegu ndiyo ije juu, gramu 500 hadi kilo 1 ya bermuda kwa mita 100, ikichanganywa na mchanga mkavu ili isambae sawa, na isifunikwe zaidi ya nusu sentimita. Kamwe usichanganye mbegu na mbolea kwenye ndoo moja. Baada ya hapo ni maji kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, mpaka ziote. Kwenye joto ni wiki moja hadi tatu.

Kama udongo ni mchachu, pH chini ya 5.5, chokaa itangulie wiki kadhaa. Ukivitia siku moja, chokaa hufukuza amonia ya DAP hewani na naitrojeni uliyolipia inapotea.

Nyasi zikifikisha wiki 4 hadi 6, tia CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kilo 1 kwa mita 100, majani yakiwa makavu, na umwagilie papo hapo. Majani ya chini yakiwa ya njano, naitrojeni imepungua. Yakiwa na rangi ya zambarau, fosforasi haikufika kwenye mizizi, na kuinyunyiza juu sasa kunasaidia kidogo sana.

TSP, mbolea ya fosfati ya 0-46-0, haiunguzi mbegu kwa amonia, lakini haina naitrojeni, hivyo CAN itahitajika mapema zaidi. Pwani, kwenye mchanga na udongo wa matumbawe, tunaipendelea NPK 17-17-17, kilo 3 kwa mita 100: mchanga hauna potashi ya kutosha, na udongo wenye chokaa ya asili hupoteza amonia ya DAP. Gharama inapanda, mzigo pia. Bara, DAP inatosha.