Begi la CD la zipu la diski 320: nimelitumia kutunzia muvi, haya ndo maoni yangu

Kwa wale wenzangu ambao bado mna droo imejaa VCD na DVD na mama watoto anauliza kila wiki haya makorokoro yanatoka lini sebuleni, kuna haya mabegi makubwa meusi ya zipu ya kuwekea CD, kwa nje yana mkono wa kubebea na ndani yana kurasa za plastiki zenye mifuko, kila upande wa ukurasa mifuko minne. Mi nimechukua hili la diski 320 Kariakoo upande wa Aggrey, jamaa alianzia elfu 50 tukabishana tukamalizana kwenye 35. Halina jina la kampuni wala nini, limeandikwa tu 320 kwa dhahabu na dhahabu yenyewe imeshaanza kubanduka. Maksi nalipatia 3 kati ya 5. Kuna vitu linafanya vizuri sana na kuna vitu muuzaji hatokuambia ng'o.

Kabla mtu hajaniuliza kwanini nisitupe zote nikaangalie YouTube, nyingi hazipo huko, na zilizopo mtu kazirekodi kwa simu kutoka kwenye tivi. Mi nina Bongo muvi za enzi za wasambazaji Steps, za Kanumba zile za kabla ya 2012, nina muvi za nje zilizotafsiriwa kwa sauti na Lufufu ambazo bila sauti yake hiyo muvi haina maana yoyote nyumbani kwetu, nina na za DJ Afro, mtafsiri wa Kenya, alizoniletea shemeji yangu toka Nairobi. Alafu kuna DVD za harusi, send-off, kipaimara na mazishi ya babu. Hizo za familia ntazirudia maana zina mambo yake.

Haya, tuanze na hiyo 320. Hesabu yenyewe ni ya kweli, kurasa 40 mara mifuko 8 unapata 320, lakini ni ukiweka diski tupu. Ukitaka kuweka na kava lake kila muvi inakula mifuko miwili, kwahiyo hapo unabaki na 160. Na hata ukiweka diski tupu usijaze, maana diski moja ina kama gramu 16, piga mara 320 zinafika kilo 5 za diski peke yake, weka uzito wa begi lenyewe, alafu ule mkono wa kubebea umeshonwa kwa mshono mmoja tu. Langu nimeishia 200 na kitu na tayari ukilisimamisha linainama upande mmoja. Likijaa sana kurasa za katikati zinabanana na kila unapofunua zinasuguana, na mchanga wa huku kwetu unavyoingia hadi kwenye friji unadhani humo hauingii? Unaingia.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini dukani: NUSA. Fungua zipu, ingiza pua. Kuna mifuko ya plastiki laini inayonatanata na inanuka kama makoti ya mvua mapya, hiyo ni PVC. Ndani yake kuna dawa ya kuilainisha na kwenye joto letu ile dawa inatoka polepole, baada ya muda unakuta diski imeganda kwenye mfuko, ukiivuta inatoka na ukungu wa mafuta mafuta. Tafuta ile plastiki kavu kidogo, ukiikunja inalia kwakwakwa na haina harufu kali, hiyo ndo nzuri. Mabegi yote mawili yalikua duka moja, bei moja, yanafanana nje kila kitu. Nilipomuuliza muuzaji tofauti akasema hakuna tofauti boss ni yaleyale.

Mfuko mzuri nyuma yake una kitambaa cheupe chepesi. Upande wa diski unaong'aa ndo unalalia kitambaa, upande wenye maandishi unaangalia plastiki ili uusome bila kuitoa. Watu wengi wanafanya kinyume kwa sababu upande unaong'aa ndo wanauona mtamu, wanataka kuulinda usichubuke, wanauweka kwenye plastiki. Na kitambaa hicho kikishakamata vumbi kinakua msasa kabisa, kwahiyo diski ipangusie nje kwanza ndo uiingize.

Na hapa niseme kitu ambacho naona hata mafundi deki wengine hawakijui. VCD na DVD hazifi kwa namna moja. VCD ni CD ya kawaida, data zake zipo juu kabisa, chini ya ile rangi ya maandishi, zimefunikwa na kitu chembamba tu cha vanishi. Ndo maana VCD ukiiinua kwenye taa ukaona vitundu vinapitisha mwanga, au ule mng'ao umebanduka vipande vipande, hapo imekwisha, hakuna dawa. Yaani upande wa kuulinda kwenye VCD ni ule wa picha! DVD yenyewe imebandikwa plastiki mbili za nusu milimita na kitu kila moja na data zimelala katikati, kwahiyo juu ina usalama zaidi. Mikwaruzo ya chini kwenye zote mbili mara nyingi ni ya plastiki tu, ikisafishwa inaweza kurudi. Kusafisha ni kitambaa laini kutoka kwenye tundu la katikati kwenda nje moja kwa moja, usizungushe, maana mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya data na deki inashindwa kuruka. Ile dawa ya mswaki mnayopakaa ni msasa huo, kuna siku inasaidia mkwaruzo mdogo ila kuna siku inaongeza mia. Na kuandika juu ya VCD kwa bolpeni acheni jamani, andikeni kwa maka peni, tena pale karibu na tundu.

Tatizo kubwa la begi kwangu ni makava. Kava la DVD ukilitoa kwenye boksi lake lina urefu wa sentimita 27 hivi kwa 18, mfuko wa begi ni wa diski ya sentimita 12. Kuingia humo mpaka ulikunje mara nne, na kava la Bongo muvi ukilikunja rangi inakatika kwenye mkunjo, sura ya staa inapita mstari. Wengine wanatupa. Mi sitaki kutupa, kava ndo lina majina ya waliocheza, kampuni, na zile za kuanzia 2013 zina stika ya kodi ya TRA ambayo ndo inakuonyesha hii ni orijino sio ya kuchomwa uchochoroni. Nilichofanya ni kununua nailoni za A4 zile za kuwekea vyeti kwenye faili, kava linaingia lote bila kukunjwa na linabaki na nafasi kidogo pembeni, nimezipanga kwenye box file moja. Kwahiyo ukweli ni kwamba begi pekee halitoshi, ukinunua begi hesabu na faili.

Kuzipanga sasa. Kila mtu akinunua begi anaanza kwa mbwembwe A mpaka Z, ukipata muvi mpya inayoanza na D unahamisha diski zote mpaka mwisho, mtu unaifanya mara moja alafu unaacha unaanza kuchomeka popote. Mi nimepanga kwa namba. Inayoingia leo inapata namba inayofuata basi, namba ipo kwenye mfuko, ipo kwenye diski karibu na tundu, ipo kwenye kava lake ndani ya nailoni, na kwenye simu kuna orodha, jina la muvi, aliyecheza, aliyetafsiri, na namba. Safu ya aliyetafsiri msiidharau, nyumbani hamna mtu anayekumbuka jina la muvi ya Kihindi, wanakuambia ile ya Lufufu jamaa anapigana juu ya treni. Na Bongo muvi zetu zile za Part 1 na Part 2 zilizouzwa mbalimbali, ukiwa na Part 1 tu acha mfuko wazi pembeni yake, siku ukikutana na mwenzake unakua na pa kumweka. Za VCD hivyohivyo, muvi moja diski mbili, A na B ziwe mifuko inayofuatana kwenye ukurasa mmoja, maana B ikipotea ndo unabaki na muvi isiyojua mwisho wake.

Unyevu. Mi niko Dar na mtu wa Tanga au Unguja atanielewa, begi la kitambaa ukilifungia kwenye kabati la ukutani linaota ukungu kabla ya nguo hazijaota. Nimekusanya vile vipakiti vya punje punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu nimeviweka kwenye mfuko wa ndani wa begi, na masika nalifungua nalipigisha upepo, upepo sio jua! Jua linaua hasa hizi DVD za kuchoma. Likae limesimama, usililaze alafu ukaweka juu pasi na viatu vya watoto.

Je, bora kabati la fundi? Nilifikiria. Boksi la DVD la kawaida lina unene wa milimita 14, kwahiyo rafu ya mita moja inabeba 70 tu, muvi zangu zingetaka mita tatu. Ni nzuri kwa macho na kwa diski, kila moja imesimama ndani ya boksi lake haiguswi na kitu. Ukienda kwa fundi mwambie urefu wa ndani sentimita 21 na kina 15 inatosha, usipomwambia atakutengenezea la vitabu lenye kina cha 30 na utaishia kupanga safu mbili, ya nyuma haionekani. Na MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, kwa huku pwani inavimba, lipa zaidi upate mbao halisi. Orijino zangu chache ninazozipenda nimeziacha kwenye maboksi yake kwenye rafu fupi juu ya tivi, begi limebeba VCD zote na zile zilizokuja kwenye bahasha za karatasi. Kwa VCD zisizo na boksi begi ni mkombozi, hapo sina neno.

Zile za familia sasa. DVD ya harusi aliyokupa kameramani ni DVD-R, imechomwa kwa mwanga kwenye rangi maalumu, haijapigwa kiwandani kama ya dukani. Ile rangi inachoka. Joto, jua na mfuko wa PVC vinaiharakisha, na hakuna kopi nyingine duniani zaidi ya hiyo na labda ya mama mkwe. Hizi usiziweke kwenye begi alafu ukaona kazi imekwisha, kopi kwanza. Laptopu mpya nyingi hazina sehemu ya CD lakini kuna zile drive za nje za kuchomeka USB. DVD utakuta folda la VIDEO_TS lenye mafaili ya VOB, kopi folda zima. VCD ingia MPEGAV, mle kuna faili la DAT, hilo ndo muvi yenyewe, na programu ya VLC inacheza vyote viwili bila maneno. DVD iliyojaa ni kama GB 4.7 kwahiyo flashi ya 64 inabeba harusi 13, labda ukoo wenu unaoana sana. Weka sehemu mbili. Na stika za karatasi za picha ya bibi harusi walizobandika juu ya diski, kwenye deki ya kasi zinaifanya icheze cheze na zikianza kubanduka zinaweza kunasa ndani, msizibandue lakini, kopi tu hivyohivyo.

Zipu ya langu imegoma kona moja pale inapokata kurudi chini, kitambaa cha ndani kinaingia kwenye meno. Fundi viatu wa mtaani kanibadilishia kichwa cha zipu kwa buku mbili na kaongeza mshono kwenye mkono wa kubebea, sasa liko imara kuliko lilivyotoka dukani. Mkienda kununua vuteni zipu mzunguko wote mara mbili mbele ya muuzaji, hesabuni kurasa maana kuna lenye 36 limeandikwa 320, na msilipe zaidi ya 35.